Chama cha Lugha Kisiwe cha Wenye Lugha Pekee

Katika shule nyingi za upili nchini Kenya, chama cha lugha na utamaduni huishi kwa ratiba ya jukwaa. Muhula wa kwanza ni drama, wa pili muziki, wa tatu mitihani. Kikosi kikibwagwa katika ngazi ya kaunti, ngoma hurudishwa stoo, maleba hutiwa maguniani, na chama hakisikiki tena hadi mwaka unaofuata. Tamasha hizi si jambo dogo. Za muziki zilianza mwaka 1927, za drama mwaka 1959, na bila hizo nyimbo nyingi za nchi hii zingekwisha kutoweka masikioni mwa vijana. Lakini chama kinachoishi kwa ajili ya jukwaa humfundisha mwanafunzi mambo mawili ambayo hakuna mwalimu ambaye angeyafundisha kwa kukusudia. La kwanza ni kwamba lugha ni kitu cha kuonyesha, si cha kutumia. La pili, ambalo ndilo zito, ni kwamba lugha ni mali ya waliozaliwa nayo, na wengine wote ni watazamaji. Nataka kulijadili hilo la pili kwa kuutazama mji wa Kisumu, na hasa mtaa wa Kaloleni, kwa sababu ni vigumu kupata mahali panapolikanusha waziwazi kuliko hapo.

Reli ilifika ufukweni mwa Ziwa Viktoria, pale Kisumu ilipo leo, Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence, na watu wa lugha mbalimbali wakaja nayo: mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi waliozungumza Kigujarati na Kipunjabi, wachukuzi na wachuuzi Waislamu waliozungumza Kiswahili, na Wanubi ambao vizazi vyao bado viko Kibos. Walikuta Dholuo, lugha ya Wajaluo, ikitawala tambarare, lugha za Waluhya zikianza pale milima ya Maragoli na Bunyore inapoinuka, na Kigusii na Kikalenjin havikuwa mbali. Kaloleni, mtaa mkongwe ulio katika kata ya Shaurimoyo Kaloleni, jirani na soko la Kibuye, umerithi mchanganyiko huo wote. Humo Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi, hasa za Waislamu, na familia hizo hazina asili moja. Mtoto wa hapo husoma Kurani kwa Kiarabu, huzungumza Kiswahili na mama yake, Dholuo na muuza samaki, Kiingereza na mwalimu, na Sheng na wenzake njiani. Anapofika shule ya upili akaambiwa ajiunge na chama cha utamaduni, anajiunga na utamaduni upi? Kwa mgawanyo uliozoeleka, Wajaluo hupewa ngoma za dodo na ohangla, Waluhya hupewa isukuti, naye huambiwa avae kanzu asome shairi, au huachwa abebe vyombo vya wenzake. Chama kilichokusudiwa kumpa kijana mahali pa kusimama kinamwambia yeye kwamba mahali pake hapapo.

Sidai kwamba hili ni tatizo la mtaa mmoja. Wanafunzi wa Kisumu wanaotoka Nyalenda, Manyatta au Obunga wanazidi kufanana na yule wa Kaloleni kila mwaka, hata wale wenye majina ya Kijaluo kwa pande zote mbili. Sera ya kufundisha kwa lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo ni ya tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, na mtaala wa umilisi umeiendeleza. Mijini, hata hivyo, lugha ya eneo huhesabiwa kuwa Kiswahili, na katika shule nyingi za binafsi ni Kiingereza tangu siku ya kwanza. Vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu viliandikwa kwa ajili ya mtoto wa kijijini. Matokeo yake ni kwamba kijana wa mjini aliyezaliwa na wazazi Wajaluo huweza kufika mwisho wa shule akiisikia Dholuo vizuri, akiizungumza kwa kubahatisha, na akiwa hajawahi kuisoma ukurasa mmoja nje ya Biblia ya bibi yake. Ukimwambia kijana huyo kwamba chama cha utamaduni ni cha wenye lugha, atanyamaza kwa aibu ileile ya jirani yake wa Kaloleni. Wote wawili ni wanagenzi. Tofauti ni kwamba mmoja ana jina linalomlazimu kujifanya anajua.

Jukwaa linamsaidia kujifanya. Wimbo hukaririwa kwa majuma kadhaa, mkufunzi wa kukodiwa huja kunyoosha mabega na miguu, na mbele ya majaji kila kitu huwa kimekwisha ndani ya dakika chache. Tamasha zenyewe hazina kosa la ukabila. Kwa hakika mojawapo ya fahari zake ni kwamba shule ya eneo moja huimba wimbo wa eneo jingine bila mtu kushangaa. Kasoro ni kwamba anayeimba wimbo wa jirani hahitaji kujua hata namna ya kumwamkia jirani huyo. Anajifunza sauti zake, hajifunzi kumsikiliza. Na kwa kuwa shule hupimwa kwa vikombe, mlezi wa chama hana sababu ya kutumia Jumatano thelathini za mwaka kwa kitu ambacho hakuna jaji atakayekitazama.

Wapo watakaosema kwamba hivi ndivyo utamaduni ulivyo: hurithiwa ndani ya ukoo, na shule haiwezi kuwa ukoo. Hoja hii inasikika kuwa ya kimila, lakini mila yenyewe ya ufuoni mwa ziwa haiiungi mkono. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao Siaya cha mwaka 1989, walimchunguza kwa makini mtu aliyekuwa akisahauliwa na wanahistoria, yaani pim, bibi kizee aliyekaa katika siwindhe, nyumba aliyolala humo na watoto wa boma. Yeye ndiye aliyewapa hadithi, vitendawili, methali, nasaba na maarifa ya nani aoe wapi. Na kwa kawaida pim hakuwa wa ukoo wa boma lile. Wajaluo hawaoi ndani ya ukoo, kwa hiyo kila mke katika boma ametoka kwingine, na pim aliletwa kutoka mbali zaidi, mara nyingi akiwa mjane asiye na damu moja na wenye nyumba. Wanaume walikuwa na duol, kibanda chao cha mazungumzo, ambako habari za ukoo zilihifadhiwa na wenye ukoo. Lakini ule ujuzi mpana wa dunia ya Wajaluo, uliomwezesha mtoto wa Alego kuelewa mambo ya Kano au Asembo, uliingia bomani kwa mdomo wa mgeni. Yaani taasisi iliyofanana zaidi na chama cha lugha na utamaduni katika historia ya eneo hili iliendeshwa na mwanamke aliyekuja kutoka nje, akiwafundisha watoto ambao si wake.

Historia ya Dholuo yenyewe inasema hivyohivyo. Wengi wa wanaojiita Wajaluo leo katika Rusinga, Mfangano na nchi kavu iliyo karibu nazo ni wajukuu wa watu waliozungumza Olusuba, lugha ya Kibantu iliyo jamaa ya lugha za ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda. Walijifunza Dholuo, wakaoana na wenyeji wake, wakaikuza. Lugha hii haikufikia wingi wake wa sasa kwa kuzaana peke yake. Ilifika hapo kwa kujifunzwa. Na ushahidi wa karibu zaidi ni wa Eriko Mukoyama, Mjapani aliyekwenda Siaya mwanzoni mwa karne hii kujifunza nyatiti, ala ambayo desturi iliwaachia wanaume, akafundishwa na mzee aliyekubali kuvuka mipaka miwili kwa mpigo, wa taifa na wa jinsia. Ikiwa mzee wa Alego aliweza kumpokea mwanafunzi kutoka Japani, mlezi wa chama katika shule ya Kisumu hana kisingizio cha kumwacha nje mtoto wa Kaloleni.

Basi chama kifanye nini kama si kujiandaa kwa jukwaa? Jibu langu ni kwamba kifanye kazi ambayo hakuna mwanachama mmoja awezaye kuimaliza peke yake, na kazi ya namna hiyo iliyo bora kuliko zote ni kutafsiri. Kisumu ina bahati ambayo miji mingi ya Afrika Mashariki haina: ipo fasihi iliyoandikwa kwa lugha ya eneo lake na watu wenye ujuzi wa hali ya juu. Grace Ogot, aliyekwisha kupata jina kwa Kiingereza, aligeukia Dholuo akatoa Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul mwaka 1981, kisha Miaha na Simbi Nyaima mwaka 1983. Mwaka huohuo wa 1983 Okoth Okombo, mtaalamu wa isimu, alichapisha riwaya ya Masira ki Ndaki, na ndiye aliyeitafsiri Miaha kwa Kiingereza ikatoka mwaka 1989 kwa jina la The Strange Bride. Asenath Bole Odaga aliishi na kufanya kazi Kisumu kwenyewe, akiandika kwa Dholuo na Kiingereza, akikusanya hadithi za Thu Tinda!, na akiendesha shirika lake la uchapishaji, Lake Publishers. Hawa si waandishi wa mbali. Wameandika juu ya mahali ambapo mwanafunzi anaweza kufika kwa matatu na kurudi kabla ya jua kuzama.

Chukua kisa cha Simbi Nyaima, kijiji kilichozama na kuwa ziwa dogo karibu na Kendu Bay kwa sababu ya kumnyima kizee ukarimu. Ogot alikiandika, Odaga akakiandika, na katika vijiji vya Karachuonyo bado kinasimuliwa kwa namna zisizolingana. Wape wanafunzi kumi kazi ya kukiandika kwa Kiswahili sanifu, kwa kulinganisha masimulizi hayo, na utaona mara moja kwa nini chama cha wenye lugha pekee hakiwezi kuifanya. Aliyelelewa na Dholuo atajua kwamba sentensi fulani ina kejeli, lakini atashindwa kuipatia kejeli hiyo mwili wa Kiswahili. Yule wa Kaloleni ana Kiswahili cha kutosha, chenye misemo ambayo haipatikani katika kitabu cha sarufi, lakini bila mwenzake hajui kizee anasema nini hasa. Mmaragoli aliye katikati atakumbuka kwamba kwao kuna kisa kinachofanana, na atauliza kwa nini mgeni aliyenyimwa chakula huwa daima ni mzee au mgonjwa. Huo sasa ni uchambuzi wa fasihi, na umezaliwa na uhitaji wa kweli. Kila mmoja ana kitu ambacho mwingine anakihitaji ili kazi iishe, na heshima baina yao haihitaji kuhubiriwa na mtu.

Kuna faida nyingine ambayo walimu wa Kiswahili wa kanda hii wataielewa haraka. Dholuo haina sauti ya sh wala ya z, na kila mwalimu anajua jinsi mwanafunzi mwenye lafudhi hiyo anavyochekwa anaposoma kwa sauti darasani. Kicheko hicho kimewanyamazisha vijana wengi wenye akili. Lakini Dholuo ina irabu tisa mahali ambapo Kiswahili kina tano, ina toni zinazobadilisha maana ya kitenzi bila herufi kubadilika, na inatofautisha t na th, d na dh, kwa namna inayomtatiza sana aliyezoea Kiswahili peke yake. Mketishe mcheshi wa darasa asome ukurasa wa Miaha mbele ya wale aliokuwa akiwacheka. Simaanishi alipizwe kisasi. Namaanisha kwamba atagundua, na wenzake watagundua pamoja naye, kuwa lafudhi ni kanuni za lugha moja zikifanya kazi ndani ya nyingine, jambo ambalo vitabu vya isimu hulieleza kwa kurasa nyingi na wanafunzi hulisahau baada ya mtihani.

Kazi nyingine ni kukusanya. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, cha Nairobi na cha Africa Nazarene walitoa hazina ya lugha waliyoiita Kencorpus: maandishi 4,442 yenye maneno takriban milioni 5.6, na faili za sauti 1,152 zenye jumla ya saa 177. Lugha zilizomo ni Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Hazina kama hizi ndizo zinazoamua ni lugha zipi kompyuta itazielewa na zipi itazipita, kwa hiyo kazi hiyo ni ya kupongezwa kwa dhati. Lakini tazama pia kisichokuwamo. Hamna Olusuba, ambayo UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini, na ambayo imekuwa ikitetewa kwa bidii na kituo kidogo cha redio ya jamii cha Ekialo Kiona kisiwani Mfangano. Hamna Kinubi cha Kibos. Hamna Kigusii. Wala hakuna fungu maalumu la Kiswahili cha bara kama kinavyozungumzwa Kaloleni na watu walio nacho kwa vizazi kadhaa, Kiswahili ambacho wataalamu wengi wamekipita wakielekea Lamu na Mombasa. Chuo kikuu hakina watu wa kutosha kufika kila nyumba. Shule ina mamia ya wanafunzi ambao kila likizo hurudi katika nyumba hizo, kwa mabibi na mababu wanaowapenda na wasiohitaji barua ya utafiti ili wafungue midomo. Kinachohitajika ni simu moja ya mlezi wa chama, daftari la kuandika nani alisema nini na wapi, idhini ya msimulizi, na mtu wa kuhakikisha kwamba kilichorekodiwa kinaandikwa kabla ya simu kuharibika.

Sasa nije kwenye pingamizi, na la kwanza ni zito. Katika nchi ambayo watu 1,133 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kwa hesabu ya tume ya Jaji Waki, na ambako baadhi ya vituo vya redio vya lugha za mama vilituhumiwa kuchochea chuki, kuna walimu wakuu wanaoona ni salama zaidi kutokuwa na chama chochote chenye harufu ya kabila. Kisumu ililipia miezi ile kwa damu na kwa moto, na mwalimu mkuu mwenye hofu hiyo si mwoga. Ila tuulize kama kuzuia kumewahi kuleta kinga. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilivunja vyama vya kikabila, Luo Union na GEMA vikiwemo, na hata timu za kandanda zikabadili majina: Luo Union ikawa Re-Union, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Majina yaliondoka, siasa ya kabila ikabaki, na tunajua ilikofikia mwaka 1992, 1997 na 2007. Kilichokufa kweli ni mikutano ya wazi ambamo jirani angeweza kuingia na kusikia kinachosemwa. Ukabila haulelewi na ujuzi wa lugha. Hulelewa na chumba ambacho kila aliyemo ni wa lugha moja, na mgeni akiingia mazungumzo hubadilika.

Ndiyo maana nasisitiza sharti la uanachama. Ireland iliwahi kulipitia jambo hili. Douglas Hyde, Mprotestanti katika nchi ambayo Kigaeli kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki, alishiriki kuanzisha Conradh na Gaeilge, chama cha lugha ya Kigaeli, mwaka 1893, akataka kiwe chama cha yeyote mwenye nia ya kujifunza, bila kuuliza dini wala siasa yake. Kwa miaka zaidi ya ishirini kiliwaweka pamoja watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kukutana. Mwaka 1915 wenzake walipopitisha azimio la kukifungamanisha na siasa ya uhuru, alijiuzulu uongozi. Sisemi kwamba uhuru wa Ireland haukustahili kupiganiwa. Nasema kwamba Hyde aliona mapema hatari ambayo chama cha lugha hukabiliana nayo kila siku, ya kugeuka kuwa chama cha watu fulani. Shule inayotaka kuepuka hatari hiyo haina haja ya kufunga chama. Iandike kanuni kwamba hakuna mwanachama anayeingia kwa lugha anayoijua tu bila kutaja nyingine anayojifunza, na kwamba uenyekiti haushikwi na aliyezaliwa katika lugha inayoshughulikiwa mwaka huo.

Pingamizi la pili hutoka kwa wapenzi wa Kiswahili, kundi ambalo nalihesabu kuwa langu. Wanasema Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, kilipiganiwa hadi kikawa somo la lazima lenye mtihani tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kimepata siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai, na vyama vyake vya shule ndivyo kwanza vinaanza kunawiri. Kwa nini tuvigawe? Nina heshima kubwa kwa vyama hivyo na kwa walimu wanaovilea bila malipo. Lakini Kiswahili kinachojitenga na lugha jirani zake hukauka. Sehemu kubwa ya fasihi iliyoandikwa na Wakenya wa kanda ya ziwa haijawahi kuingia katika Kiswahili, na mwanafunzi wa Kwale au Lamu hawezi kumsoma Grace Ogot wa Dholuo isipokuwa apitie Kiingereza. Hilo ni pengo la Kiswahili. Wapenzi wake wanaoishi kando ya ziwa ndio pekee wanaoweza kuliziba, na watahitaji msaada wa vijana wanaoijua Dholuo ili walizibe.

Kuna wanaohofia dini. Wazazi wa Kanisa na wa msikiti pia huuliza kama mtoto wao atalazimishwa kushiriki matambiko, au kuimba nyimbo za tero buru, desturi ya Wajaluo ya matanga. Swali hili lina jibu la kisheria lililo wazi. Ibara ya 44 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutumia lugha na kushiriki utamaduni apendao, na kuunda vyama vya lugha na utamaduni pamoja na wenzake wa jamii yake. Na ibara hiyohiyo inakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine kufuata desturi au kupitia mila yoyote. Chama kinaweza kujadili jando la Waluhya na Wagusii mbele ya Wajaluo wasiotahiri kwa desturi, na kikafanya hivyo kwa adabu, bila kumtaka yeyote acheze au aimbe asichokiamini. Na mambo madogo yana uzito wake: chama kinachokutana Ijumaa mchana kimekwisha kuwafungia mlango Waislamu wa Kaloleni, hata kama hakuna aliyekusudia.

Lililobaki ni muda, na hapa nakiri kwamba wakosoaji wana haki kubwa kuliko wanavyopewa. Mwalimu wa lugha mwenye vipindi ishirini na saba na rundo la insha za kusahihisha hawezi kuongezewa kazi kwa maneno matamu. Hata hivyo mlango fulani umefunguka. Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, sekondari pevu ilikuja na Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya kama somo la lazima, pamoja na mafunzo ya huduma kwa jamii, na katika mkondo wa sayansi za jamii lugha za kiasili zimewekwa kuwa somo la kuchagua. Sina matumaini makubwa na hilo la mwisho kwa sasa. Shule itatoa masomo ya hiari inayoweza kuyapatia walimu, na kwa miaka kadhaa ijayo shule nyingi za mjini zitaipita Dholuo, sembuse Olusuba. Lakini mafunzo ya huduma kwa jamii yamo katika ratiba, yana saa zake, na yanataka mwanafunzi afanye kazi yenye manufaa nje ya darasa. Kurekodi na kuandika masimulizi ya wazee wa mtaa, na kuyatafsiri ili shule ya msingi iliyo jirani iyasome, ni huduma kwa jamii kwa tafsiri yoyote ile. Mlezi wa chama akiunganisha kazi hizi mbili hatakuwa ameongeza saa. Atakuwa amezipatia maana zile zilizopo.

Na Kisumu yenyewe ina mfano wa kuanzia: mshairi Okot p'Bitek alifanya kazi hapo katika masomo ya nje ya chuo kikuu, na mwaka 1968 akaanzisha hapo tamasha la sanaa. Alikuwa Mwacholi wa Gulu, mgeni kamili kwa hesabu ya ukoo, na Kiacholi chake ni jamaa ya Dholuo lakini si Dholuo. Hakusubiri kuzaliwa upya kando ya ziwa ndipo aukusanye mji. Shule nayo isisubiri: inayotaka kuanza muhula ujao inaweza kuanza na rejista. Badala ya safu ya kabila ambayo bado huonekana katika fomu nyingi, iwe na safu mbili: lugha ninayoweza kumsaidia mwenzangu, na lugha ninayotaka kusaidiwa. Mwanafunzi wa Kaloleni ataandika Kiswahili katika ya kwanza na Dholuo katika ya pili. Yule wa Manyatta mwenye jina la Kijaluo, akipewa nafasi ya kusema kweli bila kuchekwa, huenda akaandika hivyohivyo.